Mbiu ya mgambo mwilini: Jinsi protini za kinga zinavyosaidia kuua saratani ya ini

MNAMO 2004, Kitui na Makueni ziliingia katika kumbukumbu za kitabibu duniani kwa sababu ya kusikitisha. Kufikia Julai 20 mwaka huo, watu 317 walikuwa wameripotiwa kuugua katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Miongoni mwao, 125 walifariki. Wagonjwa wengi zaidi walitoka Makueni na Kitui.

Waliofariki walikufa katika muda wa siku au majuma machache. Macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, na ini likashindwa kufanya kazi. Hata hivyo, sumu hiyo ina deni jingine ambalo hudaiwa polepole. Mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi bila kujua hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, mojawapo ya saratani zinazoua kwa haraka zaidi zinapogunduliwa zikiwa zimechelewa.

Kwa familia ya mkulima wa Ikutha, kusini mwa Kitui, ambako mahindi hulimwa sambamba na ndengu, kunde na mtama katika ardhi yenye joto na mvua haba, suala hili ni la chakula cha kila siku. Ndiyo sababu habari zinazotoka katika maabara za mbali kuhusu tiba mpya ya saratani ya ini zinastahili kueleweka hata huku. Kiini cha habari hizo ni protini ndogo ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari. Wataalamu huziita saitokini.

Sumu iliyo ghalani

Aflatoksini hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, anayeishi udongoni na kuvamia mahindi, njugu na nafaka nyingine. Kuvu huyo hupenda zao lililodhoofishwa na ukame shambani, kisha likavunwa au kuhifadhiwa likiwa na unyevu. Ukambani hali hizo mbili hufuatana mara nyingi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa 2004. Ukame ulikuwa umeyatesa mahindi shambani, kisha mvua ikanyesha wakati usio wake. Baadhi ya wakulima walivuna mapema wakihofia wezi, wakayaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba. Wachunguzi waliopima mahindi yaliyokuwa yakiuzwa sokoni katika maeneo yaliyoathiriwa waligundua kwamba asilimia 55 ya sampuli zilikuwa na sumu iliyozidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000.

Mkasa huo haukuwa wa kwanza. Mnamo 1981 wagonjwa 20 walilazwa hospitalini katika iliyokuwa wilaya ya Machakos kwa sababu hiyo hiyo, na 12 wakafa. Uhusiano kati ya sumu hii na saratani nao ulikuwa umeonekana nchini mapema zaidi. Katika utafiti uliofanywa Murang'a na kuchapishwa 1973, wanasayansi walipima aflatoksini katika chakula cha wakazi wa nyanda za juu, za kati na za chini. Kadiri walivyoshuka kuelekea nyanda zenye joto, ndivyo sumu ilivyoongezeka chakulani, na ndivyo saratani ya ini ilivyozidi kuonekana.

Sumu hiyo ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya ini lenyewe huigeuza kuwa kemikali inayong'ang'ania chembe za urithi. Jeni moja hudhurika zaidi, ile inayojulikana kama p53. Kazi yake ni kuizuia seli yenye hitilafu isiendelee kuzaana. Mlinzi huyo akiondolewa, seli yenye kasoro hupata nafasi ya kujigawa bila kikomo.

Hatari huwa kubwa mno iwapo mtu ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Utafiti uliofanywa Shanghai, Uchina, katika miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha kwamba aliyekula aflatoksini pekee alikuwa katika hatari mara 3 hivi zaidi ya kupata saratani ya ini kuliko ambaye hakuila. Mwenye virusi pekee alikuwa katika hatari mara 7 zaidi. Aliyekuwa na vyote viwili, hatari yake ilipanda hadi takriban mara 60.

Ikilia kuna jambo

Mwili haukai kimya mbele ya seli iliyoharibika. Una jeshi la seli nyeupe za damu zinazozunguka mchana na usiku. Zipo seli T, ambazo hutambua adui mahususi na kumuua kwa kumtoboa. Zipo seli za mauaji asilia, ambazo hushambulia seli yoyote iliyopoteza kitambulisho chake. Zipo pia seli za doria, ambazo hukusanya vipande vya adui na kuvipeleka kwenye tezi ili seli T zipate kuvisoma.

Jeshi hili halina amiri anayekaa mahali pamoja na kutoa amri. Huongozwa kwa saitokini. Seli moja inapogundua hatari, hutoa protini hizo ndani ya damu na katika tishu zilizo jirani. Seli nyingine zenye vipokezi vinavyolingana nazo huupokea ujumbe na kutenda. Waswahili husema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Saitokini ndiyo mbiu ya mwili: anayeisikia huacha alilokuwa akifanya na kukimbilia mahali ilikolia.

Mbiu hizo ni za aina nyingi, na kila moja ina ujumbe wake. Intaleukini-2 huziambia seli T ziongezeke. Intaleukini-12 huzichochea ziwe kali zaidi. Intaleukini-15 huzipa uhai mrefu, zisichoke upesi wala kufa kabla ya kazi kwisha. Intaferoni ya gama hufanya jambo la ajabu: huilazimisha seli ya saratani yenyewe kuonyesha juu ya ngozi yake vipande vya protini zilizo ndani, mithili ya mshukiwa anayelazimishwa kutoa kitambulisho. Aidha, huwaita askari wengine waje mahali penye uvimbe.

Uvimbe nao una hila zake. Hutoa ishara za kutuliza zinazoliambia jeshi kwamba hakuna jambo. Hukaribisha seli za kinga ambazo kazi yake ni kupoza ugomvi. Zaidi ya hayo, ini lina hulka ya upole kwa kinga. Damu yote inayotoka matumboni hupitia humo ikiwa na mabaki ya chakula na ya bakteria, na lau ini lingepiga kelele kwa kila kitu kigeni, mtu angeugua kila anapokula. Upole huo wenye manufaa ndio saratani huutumia kama maficho.

Safari ndefu ya majaribio

Wazo la kutumia mbiu hizi kama dawa si geni. Intaferoni iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs pamoja na Jean Lindenmann, waliokuwa wakichunguza jinsi seli zilizoambukizwa virusi zinavyozikinga jirani zake. Mwaka 1986 intaferoni ya alfa iliidhinishwa Marekani kutibu aina moja ya saratani ya damu, na miaka miwili baadaye kutibu saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa Ukimwi. Imetumiwa pia kutibu homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao ndio mlango wa saratani ya ini.

Intaleukini-2 ilitambuliwa 1976. Mwaka 1985, Steven Rosenberg na wenzake wa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani walitangaza kwamba wagonjwa 11 kati ya 25 waliokuwa na saratani iliyosambaa waliona uvimbe ukisinyaa baada ya kupewa protini hiyo pamoja na seli zao wenyewe zilizochochewa nayo. Dawa hiyo iliidhinishwa kwa saratani ya figo mwaka 1992, na kwa saratani ya ngozi aina ya melanoma mwaka 1998. Wagonjwa wachache walipona kabisa na kuishi miaka mingi.

Gharama yake kwa mwili ilikuwa kubwa. Mbiu ikipigwa ndani ya mishipa ya damu husikika mwili mzima, wala si penye uvimbe tu. Mishipa huvuja maji, shinikizo la damu hushuka, mapafu hujaa. Katika jaribio la intaleukini-12 lililofanyika 1995, wagonjwa 12 kati ya 17 walilazimika kulazwa kwa makali ya dawa, na wawili wakafariki. Isitoshe, intaleukini-2 huwaamsha askari na pia wale wapoza ugomvi, hivyo mkono mmoja hujenga na mwingine hubomoa.

Somo la Kemron

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba Kenya iliwahi kuwa na hadithi yake ya saitokini. Mwaka 1990, Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba dawa ya Kemron, iliyofanyiwa majaribio na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI), ilikuwa imeleta matumaini makubwa dhidi ya Ukimwi. Kemron ilikuwa intaferoni ya alfa ya kiwango kidogo mno, iliyoyeyushwa mdomoni. Wagonjwa kutoka nchi kadhaa waliitafuta kwa udi na uvumba.

Matumaini hayo hayakudumu. Jaribio kubwa lililofanyika Uganda, ambapo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu na baadhi yao kupewa tembe zisizo na dawa, lilitoa matokeo yake 1993. Waliotumia intaferoni hawakupata nafuu yoyote zaidi ya wenzao.

Kosa halikuwa katika protini yenyewe, kwani intaferoni ni dawa ya kweli kwa maradhi mengine. Kosa lilikuwa kutangaza ushindi kabla ya kulinganisha wagonjwa waliotibiwa na wale ambao hawakutibiwa. Somo hilo halijazeeka. Kila habari ya tiba mpya ya saratani sharti iulizwe maswali yale yale: wagonjwa walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, na waliishi muda gani?

Kuachilia breki

Mageuzi makubwa yalikuja pale watafiti walipogeukia breki za jeshi la kinga. Seli T zina vitufe vya kuzizima ili zisiushambulie mwili wenyewe. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walionyesha kwamba uvimbe huvibonyeza vitufe hivyo makusudi, na kwamba dawa inayozuia breki hizo inaweza kuwarejesha askari kazini. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2018.

Hapa saitokini huonekana upande wa pili. Intaferoni ya gama, ile inayomlazimisha mshukiwa kutoa kitambulisho, humfanya pia aotoe breki juu ya ngozi yake ili kujitetea. Kwa hivyo, uvimbe ambao tayari una askari wanaopiga kelele ndio unaonufaika zaidi na dawa za kuachilia breki. Uvimbe uliopoa, usio na askari wala mbiu, haupati faida kubwa, kwa kuwa hakuna gari la kuachiliwa breki.

Kwa saratani ya ini, hatua kubwa ilipigwa mwaka 2020. Katika jaribio la wagonjwa 501, dawa ya atezolizumab, ambayo huachilia breki, ilitolewa pamoja na bevacizumab. Hii ya pili huzuia protini ya ishara ambayo uvimbe huitumia kujiotesha mishipa ya damu na kuwafukuza askari wa kinga. Wagonjwa wengine walipewa dawa ya zamani ya vidonge. Hesabu ya baadaye ilionyesha kwamba nusu ya waliopata dawa mbili mpya waliishi zaidi ya miezi 19.2, ikilinganishwa na miezi 13.4 kwa wenzao. Uvimbe ulisinyaa kwa takriban asilimia 30 ya waliopata tiba mpya.

Hayo ni mafanikio, lakini yana maana pia kwamba wagonjwa 7 kati ya 10 hawakuona uvimbe ukipungua. Ndipo swali la mbiu liliporudi mezani: je, inawezekana kuwapa askari mbiu yao wenyewe, iwe inalia mahali walipo badala ya mwili mzima?

Askari wanaobeba chakula chao

Jibu moja lilitoka Houston, Texas, na kuchapishwa Novemba 2024 katika jarida la Nature. Watafiti wakiongozwa na Andras Heczey wa chuo cha tiba cha Baylor walichukua seli T kutoka kwa damu ya wagonjwa. Wakaziwekea kijeni kipokezi kipya chenye kutambua protini iitwayo GPC3. Protini hiyo hupatikana kwa wingi juu ya seli za saratani ya ini, lakini si kwenye ini zima la mtu mzima. Seli hizo zikazalishwa maabarani na kurudishwa mwilini mwa mgonjwa.

Seli za namna hii zilikuwa tayari zimepata sifa katika saratani za damu, na za kwanza ziliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Dhidi ya uvimbe mgumu, hata hivyo, zimekuwa zikishindwa. Huingia katika mazingira yasiyo na lishe wala mbiu, zikachoka, zikafa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kundi la kwanza la wagonjwa 12. Seli zilizowekwa kipokezi pekee hazikuleta madhara makubwa, lakini hazikuongezeka vya kutosha, na hakuna mgonjwa hata mmoja ambaye uvimbe wake ulisinyaa kwa kiwango cha kuhesabika.

Kundi la pili la wagonjwa 12 lilipewa seli zile zile zikiwa zimeongezwa jeni ya intaleukini-15, kwa hivyo kila askari alibeba mbiu na chakula chake. Tofauti ilionekana. Seli ziliongezeka kwa wingi zaidi ndani ya damu. Katika theluthi moja ya wagonjwa uvimbe ulisinyaa, na kwa jumla theluthi mbili ugonjwa wao ulidhibitiwa, angalau kwa muda.

Intaleukini-15 ilichaguliwa kwa sababu, tofauti na intaleukini-2, haiwaamshi sana wapoza ugomvi. Faida yake imeonekana pia kwingineko. Aprili 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha dawa inayoiga kazi ya intaleukini-15 kwa wagonjwa wa aina fulani ya saratani ya kibofu cha mkojo. Hutiwa ndani ya kibofu pamoja na BCG, bakteria waliodhoofishwa wale wale ambao watoto wa Kenya hudungwa mkononi wanapozaliwa ili kuwakinga na kifua kikuu. BCG huita askari, nayo dawa mpya huwafanya wadumu. Kati ya wagonjwa 77 ambao BCG pekee ilikuwa imewashinda, asilimia 62 hawakuonekana tena na saratani kibofuni walipopimwa.

Moto usiozimika

Kama ilivyokuwa zamani, nguvu hii ina hatari zake. Seli nyingi za kinga zinapoamka kwa pamoja, saitokini humwagika kama mto Athi uliofurika. Homa hupanda, shinikizo la damu hushuka, viungo hushindwa. Hali hii huitwa tufani ya saitokini, na inaweza kuua.

Madaktari walijifunza kuituliza mwaka 2012 huko Philadelphia, pale msichana mwenye saratani ya damu alipokuwa mahututi baada ya kupewa seli kama hizi. Vipimo vilionyesha kiwango cha juu sana cha intaleukini-6 katika damu yake. Alipewa tocilizumab, dawa ya ugonjwa wa viungo ambayo huizima mbiu hiyo mahususi, naye akapata nafuu upesi.

Katika utafiti wa Houston, wagonjwa waliopewa seli zenye intaleukini-15 walipatwa na tufani hiyo zaidi ya kundi la kwanza. Ilidhibitiwa kwa dawa za kuzima intaleukini-1 na intaleukini-6. Aidha, watafiti walikuwa wameziwekea seli hizo swichi ya dharura: mgonjwa akipewa dawa fulani, seli zilizobuniwa hujiua zenyewe. Swichi hiyo ilitumika, na ikafanya kazi.

Wagonjwa 24 ni wachache mno, na huu ulikuwa utafiti wa hatua ya kwanza, wenye lengo la kupima usalama. Haujathibitisha kwamba watu wataishi muda mrefu zaidi. Ulichothibitisha ni kwamba mbiu ikiwekwa mikononi mwa askari anayefaa, jeshi lililokuwa likishindwa linaweza kuanza kushinda.

Umbali wa Ikutha

Je, haya yote yana maana gani kwa mgonjwa aliyeko Ikutha? Kwanza, kuna suala la muda. Utafiti uliochapishwa 2017, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 2,500 wa saratani ya ini katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Uganda na Ethiopia, ulionyesha pengo la kutisha. Nchini Misri, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 10.9 tangu kugunduliwa. Katika nchi nyingine zote zilizoshiriki, kipimo hicho kilikuwa miezi 2.5. Wagonjwa wa kusini mwa Sahara walikuwa pia vijana zaidi, nusu yao wakiwa na umri usiozidi miaka 46.

Sababu kuu ni kuchelewa. Ini halilalamiki mapema. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, kukonda na tumbo kujaa maji huja wakati uvimbe umekwisha kutanda. Jaribio la atezolizumab na bevacizumab liliandikisha wagonjwa ambao ini lao bado lilikuwa likifanya kazi vyema. Anayefika hospitalini ini likiwa limeshindwa hawezi kunufaika, hata dawa hizo zikitolewa bure.

Pili, kuna bei. Dawa za kuachilia breki hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi kwa dozi moja, na mgonjwa huhitaji dozi nyingi. Seli zinazobuniwa maabarani ni ghali zaidi ya hapo, na zinahitaji wodi ya wagonjwa mahututi iliyo tayari kuzima tufani saa yoyote.

Bei, hata hivyo, si amri ya Mungu. Mwaka 2025, makubaliano kati ya serikali ya Kenya na kampuni ya Roche yalishusha gharama ya Herceptin, dawa ya kingamwili kwa aina moja ya saratani ya matiti, kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000 kwa kila awamu, zikilipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Njia hiyo ya majadiliano inaweza kufuatwa kwa dawa nyingine pia.

Kinga kabla ya tiba

Hadi siku hiyo ifike, silaha kubwa zaidi dhidi ya saratani ya ini katika Kitui na Makueni zipo karibu na nyumbani, nazo ni nafuu.

Ya kwanza ni chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B imo katika ratiba ya watoto nchini tangu 2001, na hutolewa mtoto akiwa na umri wa majuma 6, 10 na 14. Watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata. Kipimo cha damu hutosha kumwambia mtu kama ana virusi. Asiyekuwa navyo anaweza kuchanjwa. Aliye navyo anaweza kufuatiliwa, kupewa dawa za kuvidhibiti na kupigwa picha ya ini mara kwa mara, ili uvimbe ukitokea ugunduliwe ukiwa mdogo.

Ya pili ni mahindi yenyewe. Yavunwe yakiwa yamekomaa, yaanikwe juu ya turubai badala ya ardhi tupu, na unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuyahifadhi. Magunia yasiyopitisha hewa huwanyima kuvu na wadudu nafasi. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu ziondolewe. Zisilishwe mifugo, kwani sumu hurejea kwa mtu kupitia maziwa. Ni muhimu pia kufahamu kwamba kupika hakuiondoi aflatoksini, na mahindi yanaweza kuwa na sumu bila kuonekana yameharibika.

Desturi ya Ukambani nayo ina msaada wake. Utafiti uliochapishwa 2008 ulibaini kwamba kukoboa mahindi ili kutengeneza muthokoi hupunguza aflatoksini kwa takriban nusu kwa wastani, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu huondoka pamoja na maganda na kiini. Nusu iliyobaki bado ni sumu, hivyo muthokoi wa mahindi mabovu si salama. Makapi yake nayo hayafai kupewa kuku wala mbuzi.

Ya tatu ni Aflasafe, bidhaa inayotengenezwa katika kituo cha Katumani, Machakos, cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO). Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ile ile ya Aspergillus, ila wasioweza kutengeneza sumu. Hunyunyiziwa shambani majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kuchanua, na kuvu hao wema huwanyang'anya wabaya nafasi ya kuishi.

Mkulima anayeanika mahindi yake vizuri baada ya mvua za vuli huenda asisikie kamwe habari za intaleukini-15. Lakini yeye na watafiti wa Houston wanapambana na adui mmoja, kila mmoja akiwa upande wake wa safari: huyu akiizuia sumu isiingie kwenye ini, wale wakitafuta mbiu ya kuliamsha jeshi pale sumu ilipokwisha kufanya kazi yake. Na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini, ambaye amekula mahindi ya kutilia shaka kwa miaka, hatua ya kwanza ni kipimo cha damu katika hospitali iliyo karibu naye, wakati bado hajahisi maumivu yoyote.